Mbwa Anayeachwa Desemba

Kuanzia wiki ya tatu ya Desemba, Dar es Salaam hupungua watu. Wachagga wanapanda kwao Kilimanjaro "kuhesabiwa", wengine wanashika njia ya Bukoba, Mbeya au Songea. Nyumba inabaki na mlinzi, pengine na dada wa kazi ambaye naye anahesabu siku za kwenda kwao. Uani anabaki mbwa. Paka hakuna anayemwaza, inasadikiwa atajitafutia.

Huwa tunayatenganisha mambo mawili: usalama wa mnyama wa nyumbani wakati wa likizo, na kuwasaidia wanaookoa wanyama wa mitaani. La kwanza tunaliona ni la mwenye mbwa, la pili ni la wafadhili na watu wenye huruma ya ziada. Mimi nayaona kuwa jambo moja, na hesabu yake ni rahisi. Chukua mbwa jike ambaye hajafungwa kizazi na yuko katika siku zake za kupandwa. Usiku wa tarehe 24 Desemba geti linaachwa wazi. Mimba ya mbwa huchukua siku kama 63, basi watoto watazaliwa karibu na tarehe 25 Februari. Wakimaliza wiki nane za kunyonya na kujifunza kula, Aprili inaelekea ukingoni na masika yamekolea. Mwenye nyumba ana watoto sita au saba wa mbwa ambao hakuwapanga, na boksi lao linaishia sokoni, au kwenye geti la watu wanaookoa wanyama, usiku, bila hata barua. Watu hao wakisema hawana nafasi wanalaumiwa, ilhali nafasi hiyo ilijazwa sikukuu ya Krismasi.

Kwa hiyo kazi ya kuwasaidia inaanzia uani kwako, kabla hujafunga begi.

Anza na kivuli. Mwezi Juni na Julai jua la mchana Dar es Salaam linakuwa upande wa kaskazini, na banda lililojengwa kusini mwa nyumba hupata kivuli kizuri. Desemba jua limehamia kusini. Banda lilelile sasa linapigwa na jua la saa sita, na kama limeezekwa kwa bati ndani yake hakukaliki. Mbwa hana jasho la mwili mzima kama letu. Hupoza mwili kwa kuhema, yaani kwa unyevu unaokauka mdomoni na kwenye njia ya hewa, na hewa ya pwani iliyojaa unyevunyevu inaufanya ukauke polepole. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39. Likivuka 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Mbwa wenye pua fupi hufika huko mapema zaidi. Aliyefungwa mnyororo hawezi kukifuata kivuli kinapohama, na ndiyo maana mnyororo wa mchana kutwa naupinga kabisa. Maji yawekwe katika vyombo viwili vizito, kwa kuwa sufuria nyepesi hupinduka saa nne asubuhi na mlinzi huenda akaiona jioni.

Wanaosafiri na mbwa wao wana hatari nyingine. Mkisimama Korogwe kula, gari lililofungwa juani linaweza kupanda nyuzi kumi na zaidi ndani ya dakika kumi, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii lolote la maana. Mtu mmoja abaki naye nje, kivulini.

Chakula cha sikukuu nacho kina madhara yake. Pilau ina vitunguu, na vitunguu maji na saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Dona na dagaa alizozoea zinamtosha. Kisha unakuja usiku wa mwaka mpya na fashfash zake. Mbwa mwenye hofu huruka ukuta ambao hajawahi kuuruka, akakimbia hadi mitaa asiyoijua. Usiku huo afungiwe ndani, na shingoni awe na mkanda wenye namba ya simu.

Hapa ndipo kichaa cha mbwa kinapoingia, maana mbwa aliyepotea bila chanjo si hasara ya mwenyewe tu. Karibu vifo vyote vya binadamu kwa ugonjwa huu duniani hutokana na kung'atwa na mbwa, na watoto ni sehemu kubwa ya wanaong'atwa. Dalili zikishatokea, tiba ya kutegemewa hakuna. Mitaa mingi bado hukimbilia kuwaua mbwa wanaozurura. Mbwa wakiuawa, wengine huja kuchukua eneo lao, na hao wapya hawana chanjo. Waliochanjwa nao huwa wameuawa pamoja na wengine. Kinachovunja mnyororo wa maambukizi ni kuchanja mbwa wapatao asilimia 70, tena mara kwa mara. Pemba imetuonyesha hilo. Kampeni za chanjo zilianza 2010 na ndani ya miaka minne ugonjwa ukatoweka. Ukarudi 2016 kutoka nje ya kisiwa, chanjo zikarudiwa, na kufikia mwisho wa 2018 ukawa umetoweka tena. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tuliyonayo tangu 2008 inamwajibisha mwenye mnyama kumtunza, lakini sheria haifungi mbwa kizazi. Wanaofanya kazi hiyo ni vikundi vidogo na madaktari wa mifugo wanaopunguza bei. Nairobi wana KSPCA, shirika la kutetea wanyama ambalo historia yake inaanzia 1910. Kwetu sehemu nyingi tegemeo ni watu wachache wenye uani mkubwa. Kinachowafaa zaidi ni fedha kidogo inayokuja kila mwezi bila kukosa, kwa sababu mbwa anakula Machi kama anavyokula Desemba. Ukiweza, lipia upasuaji mmoja mzima wa kufunga kizazi. Shuka na taulo chakavu zinapokelewa.

Na kama mwaka huu husafiri, waulize wanaookoa wanyama iwapo kuna mbwa au paka unayeweza kumlea kwa wiki mbili, kwa kuwa wanaojitolea kwao nao wana makwao. Mnyama aliyekaa kwenye nyumba ya watu, akazoea sauti za watoto, ufagio na wageni, anarudi akiwa rahisi kupata mtu wa kumchukua moja kwa moja.