Mutoto wa mbwa: soma mukataba mbele ya kulipa

Bandugu wachimbaji, wakati baba iko posti ya usiku, mbwa ndiye anachunga lupango. Wengi wanaenda kununua berger allemand kwa mufugaji, wanatia sinyatiri bila kusoma. Kisha siku tano mutoto wa mbwa anatapika, anahara damu, anakufa. Mufugaji anajibu: «Ulishaka tia sinyatiri.»

Na kweli, sinyatiri inafunga. Sheria yetu ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 33, inafanya mapatano ya halali kuwa sheria kwa wenye kuyafanya.

Lakini sheria hiyohiyo inakulinda. Kama mbwa alikuwa na ugonjwa wa kufichika siku ulimununua, unaweza kumurudisha na kupata franga zote, ao kumubakisha na kurudishiwa sehemu. Usikawie tu. Na chunga maneno «bila garanti»: mufugaji asiyejua ugonjwa anaweza kujificha nyuma yao.

Hesabu siku pia. Parvo, ugonjwa unaoua watoto wa mbwa wengi, mara nyingi unakaa mu mwili siku 3 mpaka 7 mbele ya kuonekana. Garanti ya siku 2 ni bure. Omba siku 14, na iandikwe nani atalipa muganga wa nyama.

Bei, umri (wiki 8 ao zaidi), tarehe za chanjo, kurudishwa kwa avansi: yote iandikwe. Ahadi ya mudomo haina mushuhuda.

Kwa kazi tunakataa mukataba tusiousoma. Kwa mbwa ni vilevile.