Kuchagua Vilengeo vya Bunduki ya Kale

Mwamba wa Tororo huonekana kutoka mbali, na msafiri atokaye Busia huudhani kuwa u karibu kuliko ulivyo. Kosa hilo hilo humpata mpiga shabaha aliyelala kifudifudi na bunduki ya kale mkononi: bango la yadi 600 huliona kana kwamba liko yadi 400, kisha huilaumu bunduki.

Bunduki tuizungumziayo ni Lee-Enfield ya risasi za .303, waliyoichukua askari wa Keya na baadaye polisi wa Kenya na wa Uganda. Leo ni silaha ya kale, ila mashindano ya bunduki za namna hiyo yangali yakifanywa, hasa huko Bisley, Uingereza. Aitakaye kwa shabaha za mbali hana budi kwanza kuchagua vilengeo.

Mark III ya mwaka 1907 ina kilengeo cha nyuma chenye mkato ulio wazi, kilichowekwa juu ya mtutu, mbali na jicho. Mpigaji hulazimika kuona vitu vitatu kwa pamoja: mkato, ncha ya mbele na shabaha. Kijana huweza. Aliyepita miaka 40 huona mkato kama ukungu. Namba 4, iliyopitishwa mwaka 1939, ina tundu dogo lililo karibu na jicho. Hapo mpigaji halitazami tundu; hutazama kupitia tundu, akikaza macho kwenye ncha ya mbele tu.

Tena iko faida ya hesabu. Katika Mark III, nafasi baina ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ni kama sentimita 49. Katika Namba 4 ni kama sentimita 73. Ncha ikikosewa kwa milimita 1 tu, risasi ya Mark III hupotoka mita 1.2 kwenye umbali wa mita 600, na ya Namba 4 sentimita 82. Kwa hiyo mimi ningechagua tundu bila kusita. Darubini nayo ilikuwapo kwa Namba 4 za wadunguzi, lakini kwa mpenzi wa bunduki ya kale naiona kama kumpandisha mzee baiskeli ya mashindano.

Wako wanaoipenda Mark III kwa sababu kilengeo chake kimeandikwa hadi yadi 2,000, na cha Namba 4 ni 1,300 tu. Hao wamedanganywa na tarakimu. Namba zile kubwa ziliwekwa kwa ajili ya kikosi kizima kupiga kwa pamoja penye adui wengi, wala si kwa mtu mmoja kulenga mtu mmoja. Hata vilengeo vya ubavuni, vilivyofika yadi 2,800, viliachwa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Na jambo hili mpakani si la mzaha. Risasi ya .303 iliyopigwa juu huweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Busia ni mji wenye jina moja katika nchi mbili. Risasi iliyoipita shabaha haiulizwi hati ya kusafiria, na huko iangukiako kuna soko, shule na watu. Asiyekuwa na kilima au tuta imara nyuma ya shabaha asiinue kilengeo hata kidogo.

Yafaa pia kukumbuka kwamba Tororo iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hewa ya huko, hasa mchana wa jua kali, ni nyepesi kuliko hewa ya pwani, hivyo risasi za mbali huelekea kupanda juu ya ile namba iliyoandikwa. Aanzaye na apige yadi 200, aandike katika daftari kilengeo kilipokaa, ndipo asogee nyuma.

Upepo ni shida nyingine, maana kilengeo cha kawaida cha Namba 4 hakisogei kulia wala kushoto. Upepo wa ubavuni wa maili 10 kwa saa huisukuma risasi zaidi ya nusu mita kwenye yadi 600. Ndiyo sababu washindani hununua vilengeo vya Parker-Hale, vyenye skrubu za kusogeza pande zote. Asiye na fedha hiyo apige asubuhi, upepo ungali umelala, na kabla ya kulala chini aipitishe ncha ya mbele juu ya moshi wa koroboi ili isimetemete juani.