Kazi Isiyotoa Jasho

Mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Kalemie alitujia jioni moja, akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akasema: “Mwalimu, mwanangu ana ugonjwa gani? Mchana kutwa ameketi mbele ya kompyuta, kichwa mikononi, haandiki wala hasemi. Usiku umeme ukirudi, ndipo anapochangamka. Nikimtuma sokoni, asema yuko kazini. Kazi gani hiyo isiyotoa jasho?”

Swali hilo si la mzee huyo peke yake. Sisi watu wa ziwani tumezoea kuzijua kazi kwa macho. Mvuvi twamtambua kwa nyavu zake na ndagala zilizoanikwa, mpakizi wa bandarini kwa gunia begani. Mtunga programu hana kitu mkononi. Basi tumeona yafaa tuwaeleze wazazi, na wanafunzi pia, kijana huyo afanya nini hasa.

Kompyuta ni mtumishi mwenye mbio lakini asiye na akili. Hufuata neno kwa neno aliloandikiwa, na asipoandikiwa neno, hawezi kulikisia. Programu ndiyo maagizo hayo. Mama aliyeko sokoni akipokea fedha kwa simu kutoka kwa nduguye wa Lubumbashi, huona ujumbe tu, akacheka. Lakini kabla ya ujumbe kuja, programu imekwisha kujiuliza mengi: namba ya siri ni sahihi? Fedha zatosha? Na mtandao ukikatika katikati, fedha zikiwa zimetoka kwa mmoja na hazijafika kwa mwingine, itakuwaje? Mtu fulani alikaa, kichwa mikononi, akalifikiri jambo hilo kabla halijatokea. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, nasi Kongo tuliipata mwaka 2012. Katika miaka hiyo yote watu wamekuwa wakiyatunza maagizo yake, maana programu haimaliziki kama nyumba. Hutunzwa kama shamba.

Kijana wa mzee huyu twamfahamu vizuri, kwani tulimfundisha. Tena tulipata kufanya kazi naye, na habari yake twaisimulia ingawa yatuaibisha kidogo.

Shule yetu ilimwomba atunge programu ya kujumlisha alama za wanafunzi. Akaitunga, tukafurahi sana, kwa kuwa kazi ya siku nne ikawa ya saa moja. Mwisho wa mwaka msichana mmoja akatokea na alama 282 katika 600, yaani asilimia 47. Kwa hiyo ameshindwa. Baba yake hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba basi, shule imetosha, atakwenda kuuza samaki pamoja na mama yake. Mwenzetu mmoja, aliyemjua mtoto kuwa si mvivu, akachukua kalamu akahesabu upya. Kumbe msichana alikuwa mgonjwa siku ya mtihani mmoja, akaruhusiwa na mkuu wa shule. Tulikuwa tumeacha nafasi yake tupu, na programu ikaihesabu nafasi tupu kuwa sifuri. Alama zake zilikuwa 282 katika 500, zaidi ya asilimia 56. Amefaulu!

Tukamwita kijana kwa hasira. Tulidhani ataitupia kompyuta lawama, kama wafanyavyo wengi maofisini. Yeye alifungua maandishi yake, akasoma kimya, akaweka kidole juu ya mstari mmoja, akasema: “Ni hapa, Mwalimu. Kosa ni langu. Naomba tuwaangalie wanafunzi wengine wote walioachwa nafasi tupu.” Wakapatikana wawili zaidi. Kisha akatuuliza kwa adabu: “Lakini ninyi mliponiambia kuacha tupu, mlikuwa na maana gani?” Hatukuwa na jibu. Hatukuwahi kumweleza kwamba tupu na sifuri kwetu ni vitu viwili. Tulikwenda sisi wenyewe nyumbani kwa baba wa msichana, jua likiwa kali, na njiani hatukuzungumza sana.

Baadaye kijana alitueleza kwamba hivyo ndivyo walivyozoezwa. Yeye hufanya kazi na wenzake wa Nairobi, kwa njia ya intaneti. Kila asubuhi hukutana kwa dakika chache, kila mtu akisema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na wapi amekwama. Kusema “nimekwama” si aibu kwao. Aibu ni kunyamaza siku tatu. Saa tatu ya asubuhi ya Nairobi ni saa mbili ya hapa kwetu, kwa hiyo mkutano humkuta mama yake bado akifagia ua. Tena hakuna mstari wake uingiao katika programu kabla mwenziwe hajausoma na kuukosoa. Hata mkubwa wa kazi husomwa na mdogo. Programu ikiharibika, huandika karatasi ya kueleza jinsi kosa lilivyopita, pasipo kumtafuta wa kumtia hatiani. Si kila mahali pafuatwa desturi hizo, wala hatusemi watu wa kazi hiyo hawana majivuno. Lakini twakiri kwamba katika chumba cha walimu bado hatujafika hapo.

Makosa hayo wao huyaita wadudu. Neno hilo mafundi walilitumia tangu zamani, lakini tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, mdudu wa kweli, nondo, alikutwa ndani ya kompyuta kubwa ameizuia isiende. Wakambandika katika daftari la kazi.

Huenda mtu akauliza: watu wasiokaa pamoja wawezaje kujenga kitu? Yatosha kukumbuka Kenya mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi. Mwanasheria Ory Okolloh aliomba mafundi watengeneze ramani ya kuonyesha mahali penye mauaji na uharibifu. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine wakaifanya kwa siku chache tu, ingawa walitengana kwa mbali; Kobia alikuwa Marekani. Mwananchi aliweza kupeleka habari kwa simu yake. Programu hiyo waliiita kwa neno letu la Kiswahili, Ushahidi. Mwaka ule ule ikatumika kwa habari za vita vya huku Kongo mashariki.

Shida zake pia ni nyingi. Umeme wetu utokao Bendera una saa zake za kuja na za kwenda, ndiyo maana kijana hukesha. Intaneti ni ghali. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi wetu, ilikatwa nchi nzima kwa siku zipatazo 20. Aliyekuwa na kazi ya nje aliipoteza au aliomba radhi akachoka. Tena kazi hii haina kengele ya kumwambia mtu aende nyumbani. Vijana, twawaambia wazi: anayekula peke yake saa sita ya usiku kila siku, macho yamewiva, hafanyi bidii, anajimaliza. Na wasichana wasidhani ni kazi ya kaka zao. Mwaka 1965 mtawa wa Marekani, Sista Mary Kenneth Keller, alipata udaktari wa elimu ya kompyuta, miongoni mwa watu wa kwanza kabisa katika nchi ile.

Hayo yote tulimweleza mzee, naye akasikiliza mpaka taa ikawashwa. Tukamweleza pia kwamba kijana akiwa amenyamaza huwa ameshika mambo kumi kichwani, na ukimwita kwa ajili ya chumvi yote kumi huanguka. Mzee akatikisa kichwa. “Basi sitamtuma kabla ya saa sita ya mchana,” akasema. Alipofika mlangoni akageuka: “Na mshahara, Mwalimu, huo waonekana kwa macho?” Tukamjibu kwamba hilo amwulize mwanawe.