Upepo wa Tokyo na Lugha Isiyosomwa

Kati ya Beijing na Tokyo pana kilomita zipatazo 2,100 za anga. Nilipokwenda huko kuhudhuria kongamano la wanaisimu, ndege yetu iliondoka Beijing saa tatu asubuhi, ikatua Tokyo saa saba u nusu mchana. Siku ya kurejea tuliondoka Tokyo saa tatu vilevile, tukafika Beijing saa sita. Nami, kwa kuziamini mno nyakati zilizochapishwa kwenye tikiti, nikamwambia mwenzangu kwamba njia ya kurudi ilikuwa fupi. Alinicheka. Saa za Tokyo huzitangulia za Beijing kwa saa moja, hivyo kwenda kulichukua saa tatu u nusu, na kurudi saa nne kamili.

Ni nini basi kilichoila ile nusu saa? Ni upepo. Katika kimo cha kilomita kumi hivi juu ya Japani hupita mkondo wa upepo utokao magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi kasi yake huweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Ndege iendayo Tokyo husukumwa mgongoni. Irudiyo hupigwa usoni. Manahodha wetu wa majahazi wasingeshangaa, maana kwao safari ya Mombasa hadi Maskati haikuwa na urefu mmoja: ilikuwa na urefu wa kusi na urefu wa kaskazi.

Lakini kilichonigusa zaidi ni habari ya aliyeupima upepo huo. Wasaburo Ooishi, mkuu wa kituo cha uchunguzi wa anga huko Tateno, alirusha maputo kati ya 1923 na 1925 na kuyafuatia kwa darubini. Matokeo aliyachapisha mwaka wa 1926 kwa Kiesperanto, lugha aliyoibuni Zamenhof na kuitangaza mwaka wa 1887, akitumaini kwamba ulimwengu mzima ungemsoma. Ulimwengu haukumsoma. Mwishoni mwa 1944, ndege za Marekani aina ya B-29 zilipofika juu ya Tokyo, marubani walikumbana na upepo huo kana kwamba haujapata kupimwa, na mabomu yao yakaangukia mbali na shabaha. Wajapani, ambao wataalamu wao waliufahamu, waliutumia wakati huohuo kurusha maputo yapatayo 9,000 yenye mabomu kuvuka Pasifiki. Mnamo Mei 1945 bomu moja liliwaua mama mja mzito na watoto watano huko Oregon.

Wapo wenzangu chuoni wanaoitumia habari hii kunionya: andika kwa Kiingereza, la sivyo yatakupata ya Ooishi. Sikubaliani nao. Yeye hakupuuzwa kwa kuandika lugha ya kwao. Aliandika kwa lugha isiyo na soko, bunge wala shule ya msingi (nami sikidharau Kiesperanto, nilijifunza sarufi yake kwa furaha). Kiswahili kinavyo vyote hivyo.

Hata hivyo, kila makala yangu ya Kiswahili huiambatisha muhtasari wa Kiingereza wa ukurasa mmoja. Mhariri mmoja aliwahi kuniuliza, kwa ukali kidogo, kama huo si usaliti. Nikamwuliza kama amepata kulisikia jina la Ooishi.