Shajara, Faharasa au Sanduku la Kadi
Atakaye kuhifadhi fikira zake kwa kalamu hana budi kwanza ajiulize atazirejea vipi, kwani shajara, iandikwayo kwa taratibu ya tarehe, humfaa mwenye kukumbuka siku zake, bali humtaabisha atafutaye neno moja alilolinakili zamani. Dhiki hiyo John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza, aliitatua kwa faharasa ya kurasa mbili katika daftari, ambayo maelezo yake yalichapishwa mwaka 1686: kila mada huwekwa chini ya herufi yake ya kwanza na irabu ifuatayo, hata habari za mvua zikatafutwa penye M na U. Njia ya tatu ni sanduku la kadi: Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani, alikusanya kadi zipatazo 90,000, zenye nambari za kuelekezana, kazi ya ajabu, lakini kwa msomaji wa kawaida (asiye na makabati ya kutosha!) naona daftari la Locke lamtosha.