Macho ya Mzee Nayo Yanachoka

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunaongea juu ya ugonjwa wa Parkinson, ule wa mikono kutetemeka. Jina ni la daktari Mwingereza James Parkinson, aliyeuandika mwaka 1817. Wengi wanajua mikono tu. Kumbe unaingia mpaka machoni.

Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza dopamini, kitu kinachosaidia mwili kwenda vizuri. Chembe hizo zikifa polepole, hatua zinakuwa fupi, mkono unakuwa mzito. Macho vilevile, sababu nayo yanavutwa na misuli. Mtu akisoma, macho yake hayatelezi kama mtumbwi, yanaruka kutoka neno hadi neno. Kwa mgonjwa miruko hiyo inakuwa mifupi, haifiki panapotakiwa. Basi mzee anapoteza mstari katika Biblia, au tundu la wavu anaoushona. Akitazama kitu cha karibu, macho mawili yanashindwa kukutana: sindano moja anaiona mbili. Tena anapepesa mara chache, macho yanakauka na kuwasha, uso unakaa kama umekasirika.

Hapo maneno yanaanza nyumbani. "Babu ana kiburi, anatukazia macho." Wengine wanataja hata uchawi, na mama mzee anaanza kukimbiwa na wajukuu. Hapana jamani! Mama huyo ni mgonjwa.

Tusidhani ni ugonjwa wa Ulaya. Wilaya ya Hai, Tanzania, chini ya Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu 161,000 hivi. Matokeo yalitoka mwaka 2008: wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wameambiwa na muganga yeyote wanaugua nini.

Miwani ya sokoni Kashikishi haitanyoosha jambo hili. Mwambie mzee afunge jicho moja. Kama zile sindano mbili zinakuwa moja, shida ni macho kutokwenda pamoja. Mwelezeni muganga wa kliniki hivyo hivyo, mkaombe barua ya kwenda hospitali ya St. Paul's. Mpeleke dawa zote anazomeza, sababu dawa nyingine za kutapika na za akili zinaleta dalili zinazofanana. Lakini msimkatishe dawa ninyi wenyewe.

Nyumbani, awekewe rula chini ya mstari anaosoma. Akumbushwe kupepesa. Usiku njia ya choo iwe na taa, na ndoo zisiachwe mlangoni. Anayeshindwa kutazama chini na kuanguka mara kwa mara, pengine ana ugonjwa mwingine unaofanana na huu, muganga aambiwe.

Na kama mtu anaona vitu viwili kwa ghafula, au mdomo umepinda, au mkono umelegea, hiyo si Parkinson. Mkimbizeni kliniki saa ileile, hata usiku.