Mama Hajasahau, Sentensi Yako Ndiyo Nzito

Mimi nasomea uhandisi, siyo udaktari, lakini leo tuongee kidogo kuhusu simu za nyumbani.

Mwezi uliopita nilimpigia mama, Tanga. Ana miaka 71. Nikamwambia kwa pumzi moja: "Mama, dawa alizokupa daktari uliyemwona Jumanne usizimeze kabla hujala." Kimya. "Umesemaje mwanangu?" Nikarudia kwa sauti ya juu. Akanijibu, "Mimi si kiziwi." Usiku huo sikulala vizuri. Je, mama ameanza kupoteza kumbukumbu? Kesho yake nikaingia maktaba.

Kumbe akilini kuna sehemu inayoshika maneno kwa sekunde chache huku ikiyafanyia kazi. Baddeley na Hitch waliieleza mwaka 1974. Mimi naiona kama meza ya fundi. Mwaka 1956 George Miller alikadiria kwamba tunashika vitu 7 hivi. Mwaka 2001 Nelson Cowan akashusha hadi 4 hivi. Umri ukienda, meza hiyo hupungua nafasi na kazi huenda polepole. Ghala la maneno, lakini, hubaki limejaa. Ndiyo maana mama bado ananishinda kwa methali.

Sasa tazameni sentensi yangu. "Dawa" iko mwanzo, "usizimeze" iko mwisho, na katikati nimewapachika daktari na Jumanne. Mama alitakiwa azishike dawa mpaka nimalize habari za daktari, tena kwenye simu inayokatakata!

Susan Kemper na Tamara Harden walionyesha mwaka 1999 kwamba wazee husaidika tukipunguza sentensi zilizobebana. Kubana sauti kama unambembeleza mtoto hakukusaidia. Basi wiki iliyofuata nikasema: "Mama, zile dawa za Jumanne. Kula kwanza. Halafu meza." Akaelewa hapo hapo. Namba ya kuchukulia pesa, yenye tarakimu 10, siku hizi namsomea tatu tatu, nangoja aandike.

Ila mzee akianza kupotea njia anazozijua, au kusahau kabisa kwamba mlizungumza, hilo ni jambo jingine. Apelekwe hospitali.

Na sisi tusijidai. Meza hiyo huanza kupungua taratibu tangu ujanani, na mimi nina miaka 30.

Haya, pigeni simu nyumbani.